Kabla hujanunua rili ya kuvulia baharini, omba kuifungua

Kaskazi ikishaingia, mashua za uvuvi wa michezo hutoka kila alfajiri Watamu, Malindi, Kilifi na Shimoni kumfuata sulisuli. Baadhi ya mabaharia vijana ninaokutana nao kwenye mashua hizo wameanza kununua vifaa vyao wenyewe ili waongoze wageni wanaopenda kuvua kwa flai, yaani kwa chambo chepesi cha manyoya kinachorushwa kwa uzito wa mshipi wenyewe. Ni jambo jema. Kijana mwenye fimbo na rili yake ana nafasi ya kujadiliana malipo, hangoji tu bahashishi ya mwisho wa safari.

Lakini mimi kazi yangu ni kufungua na kutengeneza rili, na ninayoyaona mezani yananisikitisha. Mtu hutumia akiba ya msimu mzima kununua rili inayong'aa, na kabla ya kusi kuvuma imeganda kama bawaba ya mlango wa zamani. Rili nzuri mpya ya flai ya baharini inaweza kupita dola 500 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa pesa hizo, ndugu msomaji, hakuna nafasi ya kubahatisha.

Kwanza tuelewe tofauti. Rili nyingi za flai zinazouzwa kwa bei nafuu zilitengenezwa kwa ajili ya mito, kama ile ya Nyandarua na Mlima Kenya ambako watu huvua trauti. Kule rili ni kihifadhi cha mshipi tu. Samaki ni mdogo, maji ni baridi na hayana chumvi, na mvuvi anaweza kumrudisha samaki kwa kuvuta mshipi kwa mkono. Huku kwetu sulisuli wa kilo 25 anaponaswa, huondoka na mita 100 za mshipi kabla hujajipanga. Kolekole naye hukimbilia mwambani akaukate. Hapo rili ndiyo injini na ndiyo breki.

Tuanze na breki hiyo. Sheria za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, zinataka kipande dhaifu cha mshipi wa flai kisizidi daraja la kilo 10. Wavuvi wengi huiweka breki kwenye robo ya nguvu hiyo, au pungufu kidogo. Tuseme kilo 2. Sasa, breki hukaza mhimili wa katikati, na mshipi huvutwa kutoka ukingo wa bobini, kile kibiringo unachozungushiwa. Bobini ikiwa imejaa, tuseme upana wa sentimita 10, samaki anahisi kilo 2. Mshipi ukiisha hadi upana ukawa sentimita 5, breki ileile, bila kuguswa, inakuwa kilo 4. Ongeza uzito wa maji yanayoburutwa na mamia ya mita za mshipi, na ndiyo maana wengi hukatikiwa wakati samaki yuko mbali kabisa.

Dawa yake ni bobini yenye kiini kipana. Upana ukishuka kutoka sentimita 10 hadi 8 tu, zile kilo 2 zinakuwa kilo 2 na nusu, basi. Kiini kipana kina faida nyingine: rili ya flai kwa kawaida haina gia, kila mzunguko wa mkono ni mzunguko mmoja wa bobini. Kadiri kiini kilivyo kipana ndivyo unavyorudisha mshipi mwingi kwa kila mzunguko, sulisuli anapogeuka ghafla na kuja upande wako. Hakikisha tu kwamba bado inabeba mshipi wa flai, ambao ni takriban mita 27 hadi 30, na nyuma yake uzi wa akiba usiopungua mita 300.

Dukani, kaza breki kiasi kisha uvute mshipi polepole kwa mkono. Sikiliza kwa vidole. Breki nzuri huanza kuachia kwa ulaini. Breki mbovu hukwama, kisha huruka. Huo mruko mdogo ndio unaokata mshipi.

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Maji ya bahari yetu yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Chumvi hiyo inapokutana na metali mbili tofauti zilizogusana, kama skrubu ya chuma cha pua ndani ya alumini, inafanya kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka skrubu ni alumini inayokufa.

Kwa hiyo tafuta rili iliyochongwa kwa mashine kutoka mche mmoja wa alumini ngumu, si ile iliyomiminwa kwenye kalibu. Ya kumiminwa huwa na vitundu vidogo ndani, na ikianguka kwenye sitaha hupasuka badala ya kupinda. Kisha uliza kuhusu ganda lake. Alumini hutumbukizwa kwenye asidi na kupitishiwa umeme ili iote ganda gumu, kazi inayoitwa anodaizi. Ganda la kawaida huwa jembamba, aghalabu chini ya maikroni 25. Lile gumu hufikia maikroni 50 hivi. Rangi ya kupakwa juu haihesabiki, kwa sababu ikichubuka mara moja chumvi imeshapata mlango.

Kwa skrubu na mguu wa rili, beba sumaku ndogo mfukoni. Ikinata kwa nguvu, hicho kinaweza kuwa chuma cha kushika kutu. Ukipewa nafasi ya kuchagua chuma cha pua, chagua daraja la 316 badala ya 304, kwa kuwa kina molibdenamu inayokikinga na chumvi. Usitumie kipimo cha sumaku kwenye beringi, kwani hata beringi nzuri zisizoshika kutu nyingi hunasa sumaku.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mimi na wauzaji huwa hatuelewani. Watakuambia ununue rili yenye breki iliyofungwa kabisa kwa raba, maji yasiingie. Kwa mgeni anayevua wiki moja na kurudi kwao, ni ushauri mzuri. Akipata hitilafu anaituma kiwandani. Wewe unayeitumia siku baada ya siku uko mahali tofauti. Raba ikichakaa, chumvi inaingia na kukaa ndani usipoiona, na siku utakayojua ni siku breki inapogoma mbele ya mteja. Kuituma ng'ambo kunaweza kukumalizia msimu.

Msimamo wangu ni huu: nunua rili unayoweza kuifungua mwenyewe kwa bisibisi ya kawaida. Kama breki yake imefungwa, basi iwe inafunguka, na raba na beringi zake ziwe za vipimo vya kawaida. Namba ya beringi huandikwa ubavuni, na ikiwa ni ya kawaida, muuza beringi wa Mombasa anaweza kukutafutia bila hata kujua rili ni kitu gani. Breki ya wazi yenye sahani za kaboni au koki inadai kuoshwa kila siku, ni kweli. Lakini unaona kila kitu, na unachokiona unaweza kukitibu mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu kuosha, maji mengi ya visima vya pwani yana chumvi. Ukiosha rili kwa maji hayo hujaosha. Tumia maji ya mvua au ya mfereji yasiyo na chumvi, yamwagike taratibu, kwa maana mpira wa maji wenye kasi husukuma chumvi ndani zaidi. Kaza breki unapoosha, toa bobini, kausha kivulini, kisha legeza breki kabla ya kuihifadhi. Mara kwa mara toa uzi wote wa akiba uuoshe, maana chumvi iliyojificha chini yake huila bobini kimyakimya. Usipake oili ya injini kwenye sahani za breki.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya starehe za wageni. Sioni hivyo. Watamu tunao African Billfish Foundation, wanaofuatilia sulisuli waliowekewa alama na kuachiwa. Samaki aliyepigana muda mrefu kwa sababu breki haifanyi kazi huachiwa akiwa hoi, papa akamkuta hana mbio. Samaki huyo ndiye mteja wa msimu ujao anamfuata. Rili inayodumu hulinda akiba ya baharia na humlinda samaki pia.

Kwa hiyo, ukiwa mbele ya muuzaji, usianze na bei wala jina lililoandikwa ubavuni. Mwulize: nikiifungua hii nyumbani, raba yake nitaipata wapi? Akikosa jibu, shika pesa zako. Na kama bei inakushinda peke yako, changeni watatu mnunue moja imara, mpangiane zamu. Kuliko kila mmoja kuwa na yake, zote tatu zikiwa zimeganda.