Mabahiss na Viumbe wa Kilindini

Ndugu zetu wa Shinyanga wako mbali na bahari, na maji ya watu wa Geita ni ya ziwa. Hata hivyo twadhani habari hii wachimbaji wataifahamu upesi kuliko watu wa pwani, kwani wao wamezoea kuosha karai zima la mchanga kwa ajili ya chembe moja.

Mwezi wa Septemba 1933 iling'oa nanga Iskandaria meli ya Serikali ya Misri iitwayo Mabahiss, jina ambalo kwa Kiarabu lina maana ya utafiti. Mabaharia wake walikuwa Wamisri, na katika wataalamu walikuwamo Wamisri wawili, Dakta Hussein Faouzi na Abdel Fattah Mohamed. Mkuu wa safari alikuwa Mwingereza, Seymour Sewell. Gharama zilitoka katika mali aliyoiacha marehemu Sir John Murray, aliyetajirika kwa machimbo ya fosfati ya kisiwa cha Christmas. (Wenye migodi na wasikie!) Meli ilizunguka Bahari ya Arabuni na ya Hindi, ikafika Mombasa na Unguja, ikarejea kwao Mei 1934.

Miongoni mwa vilivyonaswa na nyavu zake walikuwamo kopepoda, jamaa wa kamba, ambao wengi wao hawafikii ukubwa wa punje ya mchele. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kumtangaza kiumbe kuwa ni mpya, haitoshi kusema, "Huyu hatujapata kumwona." Yampasa mtaalamu amtenganishe viungo kwa sindano chini ya darubini, ahesabu vinyweleo vya miguu, achore, na hasa auchore mguu wa tano, ambao mara nyingi ndio unaopambanua aina na aina. Kisha ayasome yote yaliyoandikwa kabla yake, asije akampa jina mwenye jina. Akisharidhika, humwita kwa maneno mawili ya Kilatini, na mmoja wa waliovuliwa huwekwa akiba awe kipimo cha wenziwe.

Sewell alichapisha maelezo ya kopepoda hao mwaka 1947, miaka 13 baada ya safari kwisha.

Yatusikitisha kwamba taarifa hizo zilitolewa London, na vielelezo vingi vimehifadhiwa huko huko, hali baadhi yake vilitoka katika maji yetu. Lakini siku hizi iko Unguja Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzazi wa Kahama mwenye mtoto ashindaye akichungua wadudu wa dimbwini, asimkemee. Amwulize mwalimu wake habari za chuo hicho.