Je, Wajua? Mtumbwi Mwepesi, wa Mmoja au wa Wawili

Je, wajua kuwa mwaka 1883 mzee wa miaka 61 alisafiri katika misitu na maziwa ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York nchini Marekani, kwa mtumbwi wenye uzito wa kilo 4.8 tu? Mzee huyo ni George Washington Sears, ambaye wasomaji wa majarida ya uwindaji na uvuvi walimjua kwa jina la Nessmuk. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye afya dhaifu. Desturi ya huko ilikuwa mgeni amlipe kiongozi wa msituni ambaye humbebea mashua kutoka ziwa hadi ziwa. Sears hakutaka kubebewa. Akamwendea fundi J. Henry Rushton wa mji wa Canton, naye akamuundia mtumbwi wa mbao nyembamba za mwerezi, wenye urefu wa futi 9, yaani mita 2.7. Sears akasafiri nao maili 266, karibu kilomita 430, akiwa ameketi sakafuni na kupiga kafi lenye bapa ncha zote mbili. Aliuita Sairy Gamp, jina la muuguzi mlevi katika riwaya ya Charles Dickens, mwanamke asiyekubali kunywa maji. Na mtumbwi wake nao haukuingiza maji. Umehifadhiwa hadi leo.

Kwa nini mtu ahangaike kiasi hicho kupunguza uzito? Mvuvi wa Pwani yetu anayemiliki ngalawa iliyochongwa kwa gogo la mwembe hana shida hiyo. Chombo chake huvutwa na watu mpaka juu ya mchanga, kinalala, na kesho kinarudi baharini pale pale. Kaskazini mwa Amerika hali ni nyingine. Barafu ya zama za kale ilikwangua miamba na kuacha maelfu ya maziwa yaliyo karibu karibu, kila moja limetengwa na jirani yake kwa ukanda wa mawe na miti. Msafiri hupiga kafi, hushuka, hujitwisha mtumbwi, hutembea, kisha huingia ziwa linalofuata. Anaweza kufanya hivyo mara nyingi kwa siku moja. Kwa hiyo anayechagua mtumbwi huko, kabla ya kuuliza unakwendaje majini, anauliza unabebekaje nchi kavu.

Je, wajua kuwa katika hifadhi ya Boundary Waters, jimbo la Minnesota, yenye maziwa zaidi ya 1,000, njia za kubebea mitumbwi hupimwa kwa kipimo kiitwacho rodi? Rodi moja ni futi 16 na nusu, kama mita 5, na huo ndio karibu urefu wa mtumbwi wa watu wawili. Maili moja ina rodi 320. Mpaka leo ramani za huko huandika urefu wa kila njia kwa rodi.

Na je, wajua kuwa njia ya kilomita 1 inaweza kuwa safari ya kilomita 3? Wawili wenye mtumbwi mzito hubeba mtumbwi kwanza, hurudi mikono mitupu, kisha hubeba mizigo. Njia hiyo moja wameitembea mara tatu. Mtumbwi ukiwa mwepesi kiasi cha mmoja kuubeba pamoja na mkoba mdogo, na mwenzake akabeba vilivyobaki, wanapita mara moja tu. Siku yenye kilomita 5 za kubeba inabaki kilomita 5, wala haiwi 15. Nikiulizwa faida ya kupunguza kilo 10 kwenye mtumbwi, jibu langu ni hilo: kilomita 10 za mguu zilizookolewa katika siku hiyo moja.

Wapagazi wa biashara ya manyoya nchini Kanada, wenye asili ya Kifaransa, walijua hesabu hii kwa migongo yao. Furushi lao moja lilikuwa ratili 90, kama kilo 41, na kila mtu alitarajiwa kubeba mawili kwa pamoja. Kwa vipimo vya zamani vya Zanzibar, hizo ni frasila tano na ushei juu ya mtu mmoja. Njia yao moja maarufu, Grand Portage, ina urefu wa kilomita 13.7.

Historia yetu nayo inacho chombo kilichobebwa mabegani. Mnamo Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na Lady Alice, mashua ya mwerezi yenye urefu wa futi 40, iliyogawanywa vipande ili wapagazi waweze kuichukua. Waliifikisha Ziwa Viktoria mapema mwaka 1875, wakaibeba tena hadi Ziwa Tanganyika, kisha wakateremka nayo Mto Kongo mpaka ilipoachwa karibu na maporomoko ya Isangila mwaka 1877. Mshika usukani wake alikuwa Uledi, aliyeokoa watu kadhaa wasizame katika mto huo. Mashua ile huandikwa sana kama chombo cha Stanley. Waliojua uzito wake ni wale waliokuwa chini yake, na wanastahili kutajwa kwanza.

Je, wajua kuwa mtumbwi wa alumini ulizaliwa kwa sababu ya mabega yaliyochoka? Mwaka 1944 William Hoffman, mmoja wa wakuu wa kampuni ya ndege za kivita ya Grumman, alikuwa mapumzikoni huko huko Adirondack akibeba mtumbwi wa mbao na turubai. Akajiuliza kwa nini usiundwe kwa bati la ndege. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kampuni ikaanza kuuza mitumbwi ya alumini. Kabla ya hapo wenyeji wa Amerika, kama Waojibwe, walikwisha kuunda mitumbwi myepesi kwa magome ya miti yaliyoshonwa kwa mizizi na kuzibwa kwa utomvu, na umbo la mitumbwi ya leo limetokana na wao. Baadaye ikaja plastiki ya tabaka iitwayo Royalex, ambayo ikigonga jiwe hubonyea kisha hurudi ilivyokuwa. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2014, na watu wa mito yenye mawe wanaililia mpaka leo.

Lakini aliyeleta mageuzi makubwa hakuwa fundi wa mitumbwi. Mwaka 1965 mwanakemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont alikuwa akitafuta uzi wa kuimarisha matairi ya magari. Alipata mchanganyiko mwepesi wenye ukungu, ambao kwa kawaida ungemwagwa. Yeye akasisitiza usokotwe. Uzi uliotoka ndio Kevlar, wenye nguvu mara tano ya chuma cha uzito ule ule. Leo mtumbwi wa watu wawili wa Kevlar wenye urefu wa futi 18 na nusu unaweza kuwa na kilo 19, frasila moja na robo hivi. Wa plastiki ya kawaida, ulio mfupi zaidi, unaweza kukaribia kilo 39.

Tuje kwenye swali linalowasumbua wanunuzi wengi: mmoja au wawili?

Je, wajua kuwa mtumbwi wa wawili ukiongozwa na mtu mmoja aliyekaa kiti cha nyuma huwa mgumu kuutawala? Uzito wote ukilala tezi, yaani nyuma, omo ya mbele huinuka juu ya maji, na upepo mdogo tu unatosha kuizungusha. Utapiga kafi upande mmoja mpaka bega liishe, na mtumbwi utaendelea kuelekea usikotaka. Dawa ya wakongwe ni kugeuka: kaa kwenye kiti cha mbele ukitazama tezi, na tezi iwe ndiyo omo yako. Kiti cha mbele kiko karibu zaidi na katikati, kwa kuwa mbele yake pameachwa nafasi ya miguu, hivyo mtumbwi unakaa sawa. Hila hii inafaa tu pale ncha mbili zinapofanana umbo. Mkanada Bill Mason, mtengenezaji wa filamu, aliendesha peke yake mtumbwi wa futi 16 wa mtindo wa Prospector, uliotokana na kampuni ya Chestnut ya Fredericton, akipiga magoti karibu na katikati na kuulaza kidogo upande wake. Filamu zake za mafunzo za miaka ya 1970 zilitenganisha msafiri wa peke yake na wasafiri wawili, na alikuwa na haki. Ni ujuzi wa aina mbili.

Vipimo vinaonyesha hivyo pia. Mtumbwi wa mmoja huwa na futi 12 hadi 15, na upana wa sentimita 70 hadi 80, ili kafi lifike majini likiwa wima. Wa wawili huwa futi 16 hadi 18 na nusu, na upana wa sentimita 84 hadi 91. Tazama na chini yake. Ulionyooka chini hushika njia vizuri ziwani. Uliopinda kama ndizi hugeuka upesi mtoni. Ukishapakiwa kila kitu, ubavu ubaki juu ya maji kwa sentimita 15 angalau. Pungufu ya hapo, wimbi la kawaida litaingia ndani.

Ipo mitumbwi ya kati, ya futi 15 au 16, yenye kiti cha ziada katikati kwa siku za upweke. Inafaa kwa familia ambayo mara nyingi husafiri wawili na mara chache mmoja. Anayesafiri peke yake muda mwingi asiinunue; atakuwa anabeba kila siku nafasi ya mtu ambaye hayupo.

Na je, wajua kuwa mitumbwi miwili inaweza kuwa myepesi kuliko mmoja? Mafundi wanaofuata nyayo za Rushton bado wanaunda mitumbwi midogo ya Kevlar na kaboni ya mtu mmoja, ya kilo 7 hadi 9. Miwili kwa jumla ni kilo 14 hadi 18, chini ya ule mmoja wa kilo 19, na kila mtu anabeba wake. Kwa wawili wenye ujuzi, sioni chaguo bora kuliko hilo kwa maziwa tulivu. Mwenye mtoto, au mwenzi asiyejua kafi, achukue wa wawili.

Wepesi nao una masharti. Ngozi nyembamba haipendi kukokotwa juu ya mawe. Mwenye mtumbwi wa namna hii hushukia majini, miguu ikalowa, na kuupakia ukiwa unaelea. Tena jua kali huuharibu polepole, kwa hiyo huhifadhiwa kivulini. Asiyekubali kulowa miguu achukue alumini.

Ukifika dukani, ndugu msomaji, usianze na rangi wala bei. Omba nira, yaani ubao wa kuegemeza mabegani, ifungwe katikati, uinue mtumbwi mwenyewe bila kusaidiwa, uuweke mabegani, utembee nao mita 200, kisha uushushe taratibu. Ukishindwa kuuinua mara ya pili, uache na ujaribu mwingine.