Je, Wajua? Marubani wa Olkaria hawana injini

Kwenye majabali ya Hell's Gate, jirani na visima vya mvuke vya Olkaria, hutaga tumbusi aina ya Rüppell. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika takriban mita 2.4, na kuyapigapiga kutwa nzima ni kazi ya kumchosha. Kwa hiyo asubuhi hatoki mapema. Hungoja jua liupashe mwamba joto hadi hewa ianze kupanda. Hapo hujitupa, akazunguka ndani ya mkondo huo mpaka juu, kisha akateleza kuelekea mkondo mwingine.

Ndege za michezo zisizo na injini hufuata mbinu hiyo hiyo, ila wenzetu wa Ulaya hulazimika kungojea kiangazi chao. Bonde la Ufa liko karibu na ikweta, jua halikawii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi wa Afrika Mashariki angani kwa ndege nyepesi ambayo injini yake huweza kuzimwa, apime wanavyoruka. Wivu, nadhani, ulimshika.

Rekodi? Tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi wa aina hii aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, takriban mita 11,300 kutoka usawa wa bahari: zaidi ya mara mbili ya kimo cha Mlima Kenya. Ndege ilitua salama. Tumbusi alitambuliwa kwa manyoya yake.