Wakala asiye na uso: Nani atatoa hesabu?



Mpendwa msomaji, wiki chache zilizopita mama mmoja mjane, muuza mboga sokoni, alinisubiri nje ya sakristia baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa ameshika simu yake kama mtu aliyeshika kaa la moto. Alikopa fedha kidogo kwa njia ya simu ili amlipie mtoto ada. Mvua ikaharibu biashara, akachelewa siku nne kulipa. Ujumbe ukaanza kumiminika. Kwanza ulikuja kwake, kisha ukaenda kwa kaka yake, kwa mwenyekiti wa jumuiya yake, na mwisho kwa katekista wetu, ukisema kwamba mama huyu ni mdaiwa sugu.

Nikapiga namba iliyokuwa pale ili nimwombee muda. Ikapokea sauti ya kike, yenye adabu, inayolijua jina la mama na deni lake mpaka shilingi ya mwisho. Nikaeleza habari ya mvua. Sauti ikanitajia kiasi cha deni. Nikaeleza tena, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgeni. Ikanitajia kiasi cha deni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba siongei na mtu. Mama akaniangalia, akaniuliza: "Sasa Baba Paroko, nimwombe nani?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo, Dominika ya 25 ya Mwaka C, na masomo ya leo yamelichukua yakalifanya kuwa zito zaidi. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Yesu anasimulia habari ya tajiri aliyekuwa na wakili wa mali zake. Wakili anashtakiwa kwamba anatapanya mali, naye anaitwa aje atoe hesabu. Katika somo la kwanza nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo, wanaoongeza bei na kuchezea mizani, hata maskini wananunuliwa kwa thamani ya jozi ya viatu. Kuna wakili, kuna wadeni, kuna mizani. Ni kama Mama Kanisa alijua kwamba mama muuza mboga angekuja.

Wakala ni nani?

Sote tunamjua wakala. Ni yule kijana wa kibandani mwenye daftari na simu mbili, anayekuwekea na kukutolea fedha kwa niaba ya mwingine. Sasa wataalamu wa kompyuta wameunda wakala ambaye hana kibanda wala mikono. Ni programu. Nilimwomba kijana mmoja wa kwaya yetu, aliyesomea mambo haya chuo kikuu, anieleze kwa lugha ya padre. Akasema: "Padre, kikokotoo kinasubiri ubonyeze. Wakala unampa lengo tu, yeye anatafuta njia." Yaani humwambii fanya hili, kisha lile. Unamwambia nitafutie usafiri wa bei nafuu kabla ya Ijumaa, naye anapita huku na huko, analinganisha, anachagua, na ukimruhusu, analipa.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uingereza, Michael Wooldridge na Nicholas Jennings, walieleza sifa nne za wakala wa namna hii: anafanya kazi bila kusimamiwa kila hatua, anawasiliana na wenzake, anaitikia yanayotokea mbele yake, na anachukua hatua ya kwanza ili afikie lengo. Ukizisoma sifa hizo haraka, utadhani wanatafuta katekista mpya.

Tena mawakala hawa hawafanyi kazi peke yao. Mwaka 1980 mtaalamu aitwaye Reid Smith alichapisha utaratibu wa kuwafanya wagawane kazi, na utaratibu wenyewe ni zabuni tunayoijua. Mmoja anatangaza kazi, wengine wanaeleza uwezo wao wa kuifanya, naye anampa anayefaa zaidi. Kutokana na mawazo kama hayo leo kuna maghala makubwa ambamo mamia ya roboti hubeba rafu za bidhaa na kupishana bila kugongana. Tangu mwaka 1997 kuna hata mashindano ya dunia ya mpira ya roboti, yaitwayo RoboCup, na waandaaji wake wanaota kwamba ifikapo mwaka 2050 timu ya roboti itawashinda mabingwa wa dunia walio binadamu.

Ninaposikia hayo siogopi, namshukuru Mungu. Akili inayobuni hivi ni zawadi yake. Anayepunguza jasho la mpagazi au kumsaidia mganga kupanga kazi zake anashiriki kazi ya uumbaji. Shida iko kwingine.

Kitabu cha inzi

Mwezi Aprili 2011 mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Eisen, alielezwa habari ya ajabu. Kitabu kimoja cha kitaalamu kuhusu namna inzi anavyokua, kilichoandikwa na Peter Lawrence, kilikuwa kinauzwa katika duka la mtandaoni la Amazon kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Nakala zilizotumika zilipatikana kwa dola 35 hivi. Eisen akafuatilia siku kwa siku, akagundua kwamba wauzaji wawili walikuwa wameziachia programu kazi ya kupanga bei. Programu ya kwanza ilitazama bei ya mwenzake na kuweka yake chini kidogo tu. Ya pili ilitazama bei ya wa kwanza na kuongeza karibu asilimia 27. Kila moja ilifanya sawasawa na ilivyoagizwa. Bei ikapanda, ikapanda, mpaka ikazidi dola milioni 23 kwa kitabu cha inzi!

Tucheke, lakini tusiishie hapo. Hakuna programu iliyoharibika. Hakuna iliyodanganya wala kuiba. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusimama na kusema: "Jamani, hiki ni kitabu tu."

Tarehe 6 Mei 2010 kicheko kilikuwa kidogo zaidi. Katika masoko ya hisa ya Marekani, kipimo cha Dow Jones kilianguka kwa karibu pointi 1,000 ndani ya muda mfupi, kisha kikapanda tena. Ripoti ya serikali ilieleza kwamba mwekezaji mmoja mkubwa alikuwa ameiagiza programu yake iuze mikataba 75,000, ikitazama wingi wa biashara sokoni tu, bila kujali bei wala muda. Programu za wengine zikaanza kurushiana mikataba hiyo: zaidi ya 27,000 katika sekunde 14, kama watoto wanaorushiana kaa. Nyuma ya namba hizo kulikuwa na akiba za watu, na fedha za uzeeni za walimu na wauguzi.

Bila kujali bei wala muda. Mama yetu wa mboga naye alikutana na agizo la namna hiyo: dai deni, usijali mvua wala aibu.

"Si mimi, ni mashine"

Sasa msikilize Adamu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya tatu, Mungu anapomwuliza habari ya tunda, yeye anamsukumia mwanamke, na mwanamke anamsukumia nyoka. Dhambi ya kwanza haijamaliza hata siku, na tayari kila mmoja ana wa kumlaumu.

Mwaka 2024 nchini Kanada tuliusikia utetezi huo kwa sauti mpya. Mtu mmoja aliyefiwa na bibi yake aliuliza habari za nauli ya wafiwa katika tovuti ya shirika la ndege la Air Canada. Programu ya kujibu wateja ikampa maelezo yasiyo sahihi, naye akalipa zaidi ya alivyopaswa. Alipodai haki yake, shirika lilijitetea kana kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea na kinachowajibika kwa matendo yake chenyewe. Baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia lilikataa. Likasema shirika linawajibika kwa yote yaliyomo katika tovuti yake, likaliamuru limlipe mteja zaidi ya dola 800 za Kanada.

Fedha hizo si nyingi, ila hukumu ile ina thamani kubwa. Inasema yale ambayo Kanisa limekuwa likiyasema. Tarehe 14 Juni 2024 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia viongozi wa mataifa tajiri ya G7, waliokutana Italia, kwamba uamuzi wa mwisho lazima ubaki mikononi mwa binadamu, na kwamba mashine isiachiwe kamwe kuamua kumwondolea mtu uhai. Januari 2025 Vatikani ilitoa hati ya Antiqua et Nova, inayofundisha kwamba wajibu wa kimaadili ni wa mtu na hauhamishiki kwenda kwenye chombo. Naye Baba Mtakatifu Leo wa XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba amechagua jina hilo akimkumbuka Leo wa XIII, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891 katika waraka wa Rerum Novarum, kwa sababu leo akili unde inaleta mapinduzi mengine yanayogusa haki na utu wa kazi.

Kwa nini wajibu hauhamishiki? Rudi kwa wakili wa Injili. Alikuwa mjanja, wala Yesu hausifu wizi wake. Lakini tazama: alipoambiwa atoe hesabu, alitetemeka. Alijua ana kesho ya kupoteza. Hofu hiyo ikamfanya awakumbuke wadeni, akawaita mmoja mmoja. Wa mafuta akamwandikia hamsini badala ya mia. Wa ngano akamwandikia themanini. Mashine haitetemeki. Haina kesho, haina njaa, haina hukumu inayoisubiri. Kwa hiyo haiwezi kutoa hesabu, na kwa sababu hiyohiyo haiwezi kuhurumia. Atakayeulizwa ni aliyeiagiza.

Basi, wapendwa, niseme na makundi matatu.

Vijana wetu mnaosoma kompyuta, nawaombea mbuni kwa bidii. Lakini kabla hamjaiachia programu kazi, jiulizeni: anayeumia atampata nani? Wekeni mlango wenye mtu nyuma yake. Mizani ya Amosi siku hizi imeandikwa kwa namba ambazo maskini hawezi kuziona, na Mungu anaziona.

Wenye biashara, na sisi viongozi wa taasisi za Kanisa, zikiwamo shule na zahanati zetu, tusijifiche nyuma ya neno "mfumo umekataa". Mfumo hauendi kuungama. Sisi ndio tunaokwenda.

Na sote tusimpe wakala kazi ambayo Bwana ametupa sisi. Nimeanza kuona salamu za rambirambi zilizoandikwa na mashine, zimenyooka, hazina kosa hata moja, na mfiwa hajapigiwa simu. Afadhali maneno mawili yaliyokatika kwa kilio kuliko ukurasa mzima usiotoka moyoni.

Mnataka kujua habari ya mama. Siku ya tatu tulipata anwani ya ofisi, tukaenda, mimi na mwenyekiti wa jumuiya yake. Mezani alikuwa binti mdogo. Mama alipoanza kueleza, binti aliacha kuandika. Akaomba kuuona ule ujumbe uliotumwa kwa katekista, akausoma, akanyamaza. "Mama yangu," akasema, "mimi sikujua kwamba inatuma kwa watu wengine." Akaenda chumba cha ndani, akakaa muda mrefu, akarudi na miezi miwili ya kulipa kidogo kidogo. Deni halikufutwa. Mama analilipa, na jumuiya inamsaidia.

Njiani kurudi mama hakusema mengi. Alisema tu: "Leo nimemwona mtu."

Siku moja kila mmoja wetu ataitwa kutoa hesabu ya uwakili wake. Tumshukuru Mungu kwamba atakayetuita hakutuma wakala asiye na uso. Alimtuma Mwanae, aliyekuja mwenyewe, akalia na waliolia, na jina letu analijua pamoja na mvua iliyotunyeshea.

Nawatakia Dominika njema.