Shati, Oda na Kilichotokea Sakafuni

Mwenye kiwanda kidogo cha sare za shule akikufungulia kompyuta yake, mara nyingi utakuta faili moja la Excel lenye safu zaidi ya 40. Kwenye mstari mmoja kuna jina la shule, aina ya shati, rangi, mita za kitambaa, bei ya vifungo, tarehe ya kupeleka mzigo, na mwishoni neno "imeisha" au "bado". Faili hilo huenda vizuri mpaka Januari, shule zinapofunguliwa na oda kuja kwa mpigo. Bei ya vifungo inabadilishwa kwenye mstari mmoja, mistari mingine inasahaulika, na stoo inaagiza kitambaa kwa hesabu ya mwaka juzi.

Programu za kusimamia viwanda vya nguo zipo kwa ajili ya shida hiyo, na zipo za kila bei. Hata hivyo si ajabu kukuta kiwanda kimelipia programu ya gharama kubwa kisha kikahamishia humo vurugu ileile ya Excel, safu kwa safu. Kabla ya kuingiza neno lolote, kuna mambo matatu ya kutenganisha: bidhaa, oda, na kilichotokea sakafuni.

Bidhaa ni shati lenyewe kabla hajatokea wa kuliagiza: pateni yake, saizi zake, kitambaa, uzi, vifungo, lebo, maelekezo ya kufua na hatua za kulishona. Oda ni ahadi: shule fulani inataka mashati 1,200, saizi kadhaa, kwa bei hii, ifikapo tarehe hii. Kilichotokea sakafuni ni historia: jora fulani lilikatwa Jumanne, laini ya pili ikashona, mashati sita yakarudishwa kwa sababu kola imepinda. Bidhaa hubadilika kwa nadra. Oda hubadilika mpaka mteja aidhinishe, na wakati mwingine hata baada ya hapo. Historia haiguswi, ingizo likikosewa huwekwa ingizo jingine la kulirekebisha, kama mhasibu anavyofanya kwenye vitabu vyake.

Tuanze na bidhaa. Shati la mikono mifupi na mirefu, kwa rangi 3 na saizi 6, linazaa aina 36, na kila aina inahitaji namba yake. Likiuzwa supamaketi, kila moja kati ya hizo 36 hubeba msimbopau wake, kwa kawaida wa tarakimu 13. Anayeanza hushawishika kuunda bidhaa 36 zinazojitegemea. Siku kifungo kikibadilika, ana kazi ya kukibadilisha mara 36, na moja itamponyoka. Programu nzuri hukuruhusu kuunda shati moja mama, na aina zake zikarithi kila kitu isipokuwa pale zinapotofautiana: saizi kubwa inakula kitambaa zaidi, shati jeusi linashonwa kwa uzi mweusi.

Kuhusu namba zenyewe nina msimamo ambao wengi hawaupendi: namba ya bidhaa isiseme kitu. Watu wanapenda namba zinazoongea, za mtindo wa SHT-BLU-26, kwa kuwa karani anazisoma bila kufungua mfumo. Lakini shule ikiacha bluu na kuhamia rangi ya damu ya mzee, namba inaanza kusema uongo. Namba iwe namba tu. Rangi, saizi na mwaka vikae kwenye safu zao, ambako unaweza kutafuta na kuchuja. Jina la rangi nalo halitoshi. Damu ya mzee ya shule moja si ya shule jirani, na wazazi wanajua. Andika msimbo wa Pantone kama mteja anautumia, au namba ya kipande cha kitambaa alichokisaini kuwa ndicho.

Pesa nyingi hupotelea kwenye orodha ya mahitaji ya kila shati. Chukua shati linalokula mita 1.5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Mashati 1,200 yanahitaji mita 1,800. Sasa muuzaji analeta kitambaa kilekile, ubora uleule, ila chenye upana wa sentimita 112. Kwa hesabu ya eneo peke yake, shati lilelile sasa linakula mita 2, na oda inataka mita 2,400. Kama mfumo uliandika "mita 1.5" bila kutaja upana, utagundua pengo la mita 600 siku mkataji anaposimama mezani na mkasi. Pembeni ya kila kiwango cha matumizi andika upana na kiasi kinachoruhusiwa kupotea, na kama kitambaa husinyaa kikifuliwa, andika kwa asilimia ngapi.

Vipimo vya kununulia na vya kutumia pia havilingani. Kitambaa cha kufumwa hununuliwa kwa mita au yadi, na yadi 2,000 ni mita 1,829, si 2,000. Kitambaa cha fulana mara nyingi huuzwa kwa kilo. Kama kina gramu 180 kwa mita ya mraba na upana wa mita 1.8, kila mita ina uzito wa gramu 324, hivyo kilo moja inatoa mita 3 na kidogo. Vifungo huja kwa grosi, yaani 144. Mfumo uhifadhi vipimo vyote viwili pamoja na kanuni ya kubadilisha, usimwachie mtu wa stoo apige hesabu kichwani.

Baada ya hapo kuna mtego ambao hata wataalamu wa kompyuta huuingia. Tumesema taarifa ya shati ikae mahali pamoja ili ikibadilika, ibadilike kote. Je, mwezi Machi ukibadilisha kifungo cha plastiki kwa cha chuma, oda ya Januari iliyokwisha kushonwa nayo ionekane ina kifungo cha chuma? Ikiwa hivyo, gharama zako za Januari zimeharibika, na mteja akirudi na malalamiko huna ushahidi wa ulichomshonea. Oda ikithibitishwa, mfumo uchukue nakala ya orodha ya mahitaji kama ilivyo siku hiyo na kuifunga. Mabadiliko yanayofuata yaandikwe kuwa toleo jipya la bidhaa, toleo la 2, la 3, na oda ijue imeshonwa kwa toleo lipi. Binafsi, programu isiyo na matoleo siitamani hata ikitolewa bure.

Sakafuni kitambaa hutandazwa tabaka juu ya tabaka na kukatwa kwa pamoja, kisha vipande hufungwa mabando, tuseme ya vipande 20 au 25. Kila bando hubeba tikiti: namba ya oda, saizi, rangi, namba ya bando, na namba za tabaka zilizomo. Namba za tabaka zinaonekana kama urasimu mpaka ushone mkono wa tabaka la 14 kwenye kifua cha tabaka la 61. Majora mawili ya bluu moja, yaliyotiwa rangi siku tofauti, yanalingana stoo na kuachana juani. Ndiyo maana tikiti inapaswa kutaja jora, au kundi la majora yanayofanana rangi.

Tikiti hiyohiyo inagusa mshahara. Katika viwanda vingi duniani mshonaji anayelipwa kwa kipande alikuwa akikata kuponi ya hatua yake kwenye tikiti ya bando na kuibandika kwenye kadi yake. Leo mahali pengi anaiskani tu. Shati moja hupita hatua nyingi, kila hatua ikiwa na dakika zake za kawaida. Tuseme jumla ni dakika 20, na laini ya watu 30 wanaofanya kazi dakika 480 imetoa mashati 400. Dakika zilizozalishwa ni 8,000, zilizotumika ni 14,400, ufanisi ni kama asilimia 56. Takwimu hiyo ni nzuri kwa kupanga oda ijayo na ni mbaya ikigeuzwa fimbo, kwa sababu wafanyakazi hujifunza haraka kuilisha kile inachotaka kuona. Ripoti inayoonyesha asilimia 85 kila siku, hata siku umeme ulipokatika, imeandikwa na karani jioni.

Ufuatiliaji wa jora umepata uzito mwingine kwa viwanda vya Athi River nchini Kenya, ambavyo kwa miaka mingi vimeishonea Marekani chini ya mpango wa AGOA wa mwaka 2000, sehemu kubwa kwa vitambaa vya kutoka Asia. Tangu tarehe 21 Juni 2022, sheria ya Marekani inachukulia kwamba bidhaa yenye malighafi ya Xinjiang imetokana na kazi ya kulazimishwa mpaka mwingizaji athibitishe vinginevyo, na pamba nyingi ya China inalimwa huko. Forodha ikiuliza, jibu linaanzia kwenye shati, linarudi kwenye bando, jora, ankara ya kitambaa, uzi, hadi pamba. Umoja wa Ulaya nao umeelekea huko kwa kanuni yake namba 1781 ya mwaka 2024, inayoweka msingi wa pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, nguo zikiwa miongoni mwa za kwanza kulengwa.

Kwa hiyo muuzaji wa programu akija na slaidi zake nzuri, mpeleke stoo, chukua shati lolote lililokwisha kufungashwa, umwombe aonyeshe kwenye mfumo lilitoka jora gani na toleo gani. Kisha mbadilishie kifungo kwenye bidhaa, na urudi kutazama oda ya mwezi uliopita.