Kota, Masika na Vuli: Majira ya Kupanda Mtama wa Ethanoli

Kwa mujibu wa kamusi, kota ni bua tamu la mtama ambalo hutafunwa mithili ya muwa. Huku Eastlands maana hiyo ni kama imesahaulika. Ukilitaja neno hilo Makongeni, msikilizaji atafikiria nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli. Utamu wa kutafuna ataufuata kwenye mkokoteni wa miwa, Barabara ya Jogoo.

Makala haya yanadhamiria kueleza kwamba sukari iliyomo katika kota, na hatimaye ethanoli ipatikanayo humo, hutegemea sana siku mbegu ilipotiwa ardhini. Suala hili lamhusu mkazi wa Kayole au Dandora, kwani ethanoli huweza kuwashwa jikoni badala ya mafuta ya taa, bila masizi wala harufu ile inayojaa katika chumba cha dirisha moja. Wala si geni nchini: katika miaka ya 1980 petroli ilichanganywa na ethanoli ya Muhoroni, iliyotokana na molasi ya miwa. Lakini muwa huchukua zaidi ya mwaka kukomaa, ilhali mtama mtamu huchukua takriban miezi minne.

Vitabu vingi kuhusu zao hili vimeandikwa mbali na ikweta. Huko Texas, tofauti ya mchana mrefu na mfupi kabisa hukaribia saa nne, na aina nyingi za mtama huchanua mchana unapofupika. Anayechelewa kupanda huvuna mabua mafupi, kwa kuwa mmea umeharakishwa kutoa suke. Nairobi tofauti hiyo haifiki hata dakika kumi. Kwetu basi, anayeamua si jua bali mvua.

Hapa niruhusiwe kunung'unika kidogo. Siku hizi twasoma "mvua ndefu" na "mvua fupi", tafsiri sisisi, ilhali masika na vuli yapo. Tena tafsiri hiyo hupotosha: Ukambani, ambako mtama hustawi, vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kutegemewa zaidi kuliko masika ya Machi hadi Mei. Mtama wa vuli hukomaa wakati wa jua kali la Januari na Februari, nao mwanga mwingi huifaa sukari. Ule wa masika hukutana na baridi ya kipupwe, hasa nyanda za juu, ukakawia kuchanua.

Jirani yangu mmoja wa Umoja, mama mwenye asili ya Machakos, alipanda mistari miwili kando ya ua wetu: wa kwanza mvua ilipoanza, wa pili majuma matatu baadaye. Mstari wa kwanza ulinipita kimo. Katika wa pili, jani la katikati lilikauka kwenye miche mingi, likang'oka kwa kuguswa tu. Hiyo ni kazi ya inzi wa mtama, ambaye huzidi kuongezeka kadiri msimu unavyosonga na kuishambulia miche iliyochelewa. "Mwanangu," aliniambia, "huu wa pili niliupandia inzi."

Ugumu wenyewe huanzia kiwandani. Sukari hujaa baada ya mmea kuchanua, ikafikia kilele punje zinapokaribia kukauka. Kota likishakatwa, utomvu wake huanza kuchacha. Kulikawiza siku mbili tatu ni hasara. Kiwanda basi kingependa wakulima wapande kwa zamu, ili mabua yaingie kidogo kidogo kwa miezi mingi. Mvua nayo humtaka kila mkulima apande juma lilo hilo. Anayekubali zamu ya mwisho hubeba hatari ya ukame, ya inzi, na ya kwelea, ambao hulivamia kwa makundi shamba lililobaki peke yake na punje changa. Bila maji ya kumwagilia, au bei inayomfidia huyo wa mwisho, ni muhali kumlaumu akipanda pamoja na wenzake.