Likasi: Kuchemsha maji hakuondoi dawa ya magugu, kaboni inaweza

Mvua zinapoanza Haut-Katanga, karibu mwezi wa Novemba, wakulima wa mahindi huingia shambani. Anayepulizia dawa ya kuua magugu hupunguza kazi ya jembe. Lakini mvua kubwa ikifuata upesi, sehemu ya dawa hubebwa hadi mtoni au huzama udongoni kuelekea visimani.

Kwa wakaaji wa Likasi wanaochota maji kisimani, kinga inayojulikana ni kuchemsha au kutia klori. Njia hizo huua vijidudu vya kipindupindu, na zisiachwe. Ila haziondoi dawa kama atrazini. Maji yakichemka muda mrefu, mvuke hutoka, dawa hubaki katika maji yaliyopungua.

Kinachoweza kuinasa ni kaboni amilifu. Hiyo ni makala, kwa mfano ya vifuu vya nazi, yaliyopitishwa kwenye mvuke wa joto kali hadi yakajaa vitundu vidogo sana. Gramu 1 inaweza kuwa na eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 500. Maji hupita, dawa hunata. Makala ya mbabula hayakutengenezwa hivyo, kwa hiyo yasitegemewe. Hata kichujio kizuri hujaa, na kaboni yake lazima ibadilishwe.

Wanasayansi sasa wanajaribu kaboni ndogo zaidi: neli za kaboni, zilizoelezwa na Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, na grafini, iliyotenganishwa Manchester, Uingereza, mwaka 2004. Grafini ina unene wa atomi moja tu. Kwa hesabu, gramu 1 ina eneo la mita za mraba 2,630 hivi. Katika maabara, kaboni za aina hii zimenasa atrazini. Lakini bei bado ni kubwa, na chembe zenyewe lazima zizuiliwe zisiingie katika maji ya kunywa.

Tena, si kila dawa inanaswa sawa. Glifosati hupenda maji, hivyo kaboni ya kawaida huishika kidogo.

Kwa sasa, kinga ya bei ndogo iko shambani: usipulizie mvua ikikaribia, usioshe pampu mtoni, usichanganye dawa karibu na kisima. Na kopo tupu lisigeuzwe kuwa la kuchotea maji, hata likioshwa mara ngapi.